Usoni Pangu

Kama si chuki ya karani mmoja wa ofisi ya maji, mji mzima ungeendelea kumpa heshima golikipa.

Picha rasmi ya Meya ilikuwa imetundikwa katika kila ofisi ya halmashauri tangu mvua za kwanza. Watu walipita chini yake, wakalipa bili zao, wakagombana na makarani, wakaenda zao. Kama sura ilionekana changa kidogo kuliko ya mwenyewe, nani angeshangaa? Picha ya mkubwa siku zote huwa na umri mdogo kuliko mkubwa. Lakini yule karani alikuwa shabiki wa timu pinzani, na golikipa wa timu ya mji ndiye aliyedaka penalti yao ya mwisho kwenye fainali, kisha akawacheka. Sura ile alikuwa akiiota. Asubuhi moja akaweka kalamu chini, akainua macho ukutani, akasema, "Mimi sifanyi kazi chini ya huyu mshenzi."

Mkuu wake alidhani Meya ametukanwa, akaita polisi. Polisi wakafika, karani akawaeleza, wakaitazama picha, wakatazamana. Kufika saa sita mchana mji mzima ulikuwa ukicheka. Jioni yake mama mpigapicha aliyeitoa ile picha alikuwa mahabusu, na jalada la kesi lilikuwa mikononi mwa Inspekta.

Wenzake walimwita Kobe, kwa kuwa hakuwahi kuonekana akikimbia, hata siku ile kituo kilipovamiwa na nyuki. Asubuhi ya pili alimchukua Koplo, mama wa watoto watatu na shabiki wa kutupwa wa timu ya mji, wakaanza kazi kwa mlalamikaji, kama utaratibu unavyotaka.

Ofisi ya Meya ilikuwa pana, ina zulia na harufu ya dawa ya mbu. Ukutani nyuma ya kiti chake palikuwa na msumari mtupu.

"Nataka afikishwe mahakamani kesho asubuhi," Meya alisema kabla hawajakaa. "Na studio yake nimeagiza ifungwe, isifunguliwe tena."

"Kosa lake, mheshimiwa?"

"Kunidhalilisha! Ametundika mcheza mpira kwenye ukuta wa serikali. Na hakufanya peke yake, Inspekta. Huyo golikipa anakitaka kiti changu. Mtamhoji?"

"Tutamhoji kila mtu," alisema Inspekta.

Koplo alikuwa ameshafungua daftari. "Mheshimiwa, hiyo picha iliwahi kufika mezani kwako kabla haijachapwa?"

"Mezani pako," alisema Meya.

Koplo aliitazama meza yake mwenyewe akilini, kule kituoni, yenye mguu mmoja mbovu. "Pangu tena?"

"Unapozungumza nami, sema mezani pako. Meza ni mahali dhahiri, panaonekana, panagusika: pa. Huko mbali kusikojulikana, ku. Ndani ya kitu, mu. Mimi nimefundisha Kiswahili nusu ya umri wangu kabla ya siasa, na hakuna mtoto aliyetoka darasani mwangu akisema mezani kwako."

"Iliwahi kufika mezani pako, mheshimiwa?"

"Haikufika," alisema Meya, akafunga kifungo cha koti ambacho kilikuwa kimeshafungwa.

Nje, kwenye chumba kidogo cha mbele, katibu muhtasi aliwajibu bila kuacha kupiga chapa. Ndiyo, yeye ndiye aliyepiga simu studio kuomba picha. Ndiyo, bahasha ililetwa. Bahasha iliingia, bahasha ikatoka, ikaenda kwa mchapaji.

"Baina ya kuingia na kutoka, nani aliifungua?" aliuliza Inspekta.

"Meza yangu haina macho, afande," alijibu yule dada. Lakini yeye mwenyewe alikuwa nayo, na yalikimbilia mlango wa Meya, yakarudi haraka kwenye kazi yake. Inspekta akamshukuru, akamwachia.

*

Mama mpigapicha walimkuta mahabusu amekaa wima kwenye benchi, nywele zake za mvi zimesukwa mistari mirefu, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Walikuwa wamemnyang'anya kamera yake, ikafungwa kama kielelezo namba moja, na hilo lilimuuma kuliko kufuli la mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayejua kinachoendelea au nimngoje mwingine?"

"Mimi ndiye ninayeuliza."

"Basi uliza. Nimekwisha kuulizwa na watatu, wote wanauliza nimehongwa na nani. Hakuna aliyeniuliza nilifanya nini."

"Ulifanya nini?"

Mama alijiweka sawa. "Simu ililia. Binti akasema, tunataka picha ya Meya ya kutundika, nzuri, haraka. Nikamuuliza, Meya yupi?"

Koplo alicheka, akajifanya anakohoa. Inspekta alimgeukia.

"Afande, yule golikipa wetu uwanjani haitwi jina lake," alieleza. "Tangu mheshimiwa achaguliwe, wote tunamwita Meya. Wamefanana mno. Kuna Meya wa halmashauri na Meya wa goli."

"Ndicho nilichomuuliza yule binti," alisema mama. "Kwangu zipo za wote wawili. Huyu wa halmashauri nilimpiga siku anaapishwa, yule wa goli nilimpiga usiku wa tuzo, wote suti nyeusi, wote tai. Binti akaniona namfanyia masihara, akakata simu. Nikasema haya. Nikatia zote mbili kwenye bahasha, wachague wenyewe."

"Nyuma uliandika majina?"

Mama mpigapicha alimtazama kwa huruma. "Niandike jina la mtu nyuma ya sura yake mwenyewe? Mtu hajijui?"

Inspekta alitoa leso akafuta miwani yake, ishara ambayo Koplo aliifahamu: mzee amepata kitu na hajui akiweke wapi.

"Kesho asubuhi mahakamani, mama," alisema hatimaye. "Nakwambia ili ujue."

"Najua. Na studio wameipiga kufuli." Hapo sauti yake ilishuka kwa mara ya kwanza. "Mwanangu, mimi jela siiogopi, nimeshazeeka. Lakini mji huu kuna watu ambao picha pekee ya marehemu wao iko kabatini mwangu. Wakija kuitafuta, watakuta kufuli. Sasa hapo wewe kama polisi utawaambiaje?"

Inspekta alirudisha miwani machoni.

*

Golikipa walimkuta kwenye uwanja wa mazoezi, anarushiwa mipira na mtu mwenye hasira. Alipowaona akavua glavu, akaja akitembea taratibu na mikono nyuma. Inspekta, bila hata kufikiri, akakakamaa na kupiga saluti.

"Shusha mkono, mzee wangu," alisema golikipa. "Mimi ni wa goli."

Inspekta aliushusha mkono kwa kujikuna sikio, kana kwamba ndiko ulikokuwa unaelekea. Koplo alitazama mbali, mabega yakimcheza.

"Unafahamu kwa nini tumekuja?"

"Picha. Na mimi nilikuwa nangoja mje, kwa sababu nataka kufungua kesi yangu." Golikipa alijipiga kifua. "Mimi ndiye ninayeumia hapa! Mnajua maisha yangu yalivyo? Siwezi kwenda sokoni. Juzi mama mmoja kanishika shati, takataka za mtaani kwake hazijazolewa. Namwambia mama mimi nadaka mipira, ananiambia ndiyo, mnadaka, tena mnadaka sana, hilo tunalijua. Watu wakajaa. Ikabidi nimwahidi."

"Ulimwahidi nini?"

"Kwamba zitazolewa kesho yake."

"Zikazolewa?"

"Zitazolewaje, afande? Mimi ni golikipa! Jana kanipigia simu, kanitukana hadi nikaomba radhi. Namba yangu kaipata wapi, sijui. Na Meya wenu mwenyewe akishangiliwa mitaani anadhani ni kwa ajili ya barabara." Alishusha pumzi. "Mimi na siasa? Hata unahodha niliukataa."

Inspekta aliitoa ile picha iliyoshushwa ukutani, akamwonyesha. "Hii ni wewe?"

"Mimi huyo, usiku wa tuzo. Ile tai niliazima." Kisha golikipa akainama, akaisogelea, akakunja uso. "Lakini ngoja. Kovu langu liko wapi?"

Aliwaonyesha. Juu ya jicho la kushoto, nyusi yake ilikatwa na kovu jeupe, nene kama uzi wa gunia.

"Hili niliachiwa na mwamba wa goli nikiwa bado kijana. Mke wangu anasema ndilo alilolipenda. Kwenye picha ya yule mama lilikuwepo, ninayo moja nyumbani. Hapa wamelifuta."

Walipokuwa wakirudi, Koplo alishindwa kujizuia. "Afande, huo ni ushahidi! Aliyelifuta kovu alijua kabisa kwamba huyu si Meya. Alilifuta tusimtambue. Kuna njama hapa, afande."

"Yawezekana."

"Kuna nini kingine?"

"Mtu anayelifuta kovu kwa sababu analijua, na mtu anayelifuta kwa sababu halijui," alisema Inspekta. "Wote kalamu yao ni moja. Twende kwa mchapaji."

*

Mchapaji alikuwa na mwili mkubwa na duka dogo, na kati yake na mashine zake palikuwa na nafasi ya mgeni mmoja tu. Koplo alibaki kizingitini, akaandikia hapo.

"Ni mimi niliyelifuta," alisema mchapaji papo hapo, jasho likimtoka. "Lakini niliambiwa. Sikufuta kwa kupenda."

"Uliambiwa na nani?"

"Simu ilitoka ofisi ya Meya. Mwanamume. Nikajua ni msaidizi wake."

"Alisemaje? Kwa maneno yake."

"Alisema, hiyo picha ni nzuri mno, chapa hiyo hiyo. Ila nitolee hilo doa usoni pangu, hapo juu ya jicho. Basi, nikalitoa, kazi ya dakika moja."

Koplo aliandika. Inspekta alinyoosha shingo kutoka ndani, akasoma kwenye daftari.

"Umeandika 'usoni pake'."

"Ndiyo, afande. Uso si wa anayepiga simu. Ni wa Meya."

"Yeye amesema pangu." Inspekta alimgeukia mchapaji. "Alisema pake au alisema pangu?"

"Pangu! Naapa. Hata jioni nilimsimulia mke wangu, nikamwambia siku hizi wasaidizi wa Meya wamejipendekeza hadi uso wa Meya wanauita wao. Na lile neno lenyewe lilinichekesha. Mimi ningesema usoni kwangu. Wewe ungesema kwangu. Nani anasema usoni pangu akiongea na simu?"

Mashine moja ilikuwa bado inatema kadi za harusi za watu.

"Afande," alisema Koplo taratibu, "naomba tuondoke hapa kabla sijaelewa."

"Umeshaelewa."

"Nimeshaelewa," alikubali Koplo, akaegemea mlango.

Inspekta alimwomba mchapaji atie saini maelezo yake. Mchapaji alifuta mikono kwenye suruali, kisha akaiweka nyuma, na hapo mambo yakaharibika. Yeye alikuwa na watoto wanasoma. Yeye zabuni zake zote zilitoka halmashauri. Alichosema alikuwa amekisema kama jirani, si kama shahidi, na akiulizwa mahakamani atasema siku ile alikuwa na homa. Inspekta alijaribu kwa upole, akajaribu kwa ukali, akajaribu kwa kunyamaza, ambako kwa kawaida ndiko kulikomletea wengi. Saini haikutoka.

Njiani Koplo alikuwa na hasira. "Basi tumekwisha. Neno la mtu mwenye homa dhidi ya neno la Meya. Na yule mama kesho asubuhi anapanda kizimbani."

"Kuna shahidi mwingine."

"Yupi? Katibu muhtasi? Yule hata jina lake hawezi kukiri."

"Meya mwenyewe."

"Meya atakataa, afande! Ameshakataa!"

"Atakataa nikimuuliza," alisema Inspekta. "Kwa hiyo sitamuuliza. Nitamsomea. Nipe hilo daftari, na hiyo 'pake' yako ifute vizuri."

*

Meya aliwapokea akiwa amesimama, saa ya mezani imegeuziwa upande wa nje ili wageni waione.

"Mmemkamata golikipa?"

"Bado, mheshimiwa. Nimeleta maelezo kuhusu mpigaji simu tu, uyasikie kabla hayajasomwa kesho mbele ya hakimu na watu wote." Inspekta alifungua daftari, akasafisha koo, akasoma polepole kama anayesoma matangazo ya msiba. "Kwamba mtu mmoja, mwanamume, alipiga simu kutoka ofisini kwako..."

"Ofisini mwangu."

"...akimtaka mchapaji afute alama kwenye picha. Maneno yake yalikuwa haya: 'Nitolee hilo doa usoni kwangu.'"

Shavu la Meya liliruka.

"Soma tena hapo."

"'Nitolee hilo doa usoni kwangu.'"

"Nani amesema hivyo?"

"Mpigaji simu."

"Haiwezekani."

"Ndivyo ilivyoandikwa, mheshimiwa. Usoni kwangu. Tumeona ni mtu asiye na elimu kubwa, na hilo litatusaidia kumtafuta. Koplo anafikiri hakumaliza shule."

"Hata ya msingi," alisema Koplo, macho chini.

"Uso ni mahali dhahiri!" Meya alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Panaonekana! Panagusika!"

"Bila shaka. Ila mtu wa aina hii hana habari na hayo. Tutawasomea mahakamani kama alivyosema, kwa makosa yake yote, na waandishi wa habari watanukuu..."

"Sikusema kwangu!" Meya alipiga meza. "Nilisema pangu! Usoni PANGU!"

Upande wa pili wa mlango, chapa ya katibu muhtasi ilisimama.

Koplo aliandika sentensi ile, akapiga nukta, na sauti ya nukta ilisikika. Kisha Meya akakaa.

"Inspekta," alisema, "mtu anaweza kuishi na uso wake miaka yote hii na asiujue?"

"Sijui, mheshimiwa. Mimi wangu nauona wakati wa kunyoa tu, na hapo natazama wembe."

"Waliniletea picha mbili. Moja ilikuwa ya mzee fulani, amechoka, mashavu yameshuka. Nikasema huyu mama kaniletea picha ya mtu mwingine kwa bahati mbaya. Nyingine ilikuwa mimi." Alijaribu kucheka. "Ilikuwa mimi kabisa, afande. Nilifurahi. Nilimwambia hata mke wangu kwamba safari hii nimetoka vizuri."

"Na tai? Hukuiona si yako?"

"Tai ananinunulia yeye. Sijawahi kuzitazama."

Inspekta alimhurumia, na huruma hiyo ilimkera, maana mwenye haki ya kuhurumiwa alikuwa amekaa benchini kule mahabusu bila kamera yake. Akafunga daftari.

"Uligundua lini kwamba si wewe?"

"Siku ile ile aliyoropoka yule karani. Nilipotazama tena nikaona, jamani, ni kijana. Ni kijana mtupu! Sasa ningesema nini? Meya hajui uso wake? Nilimtafuta wa kumlaumu, na yule mama alikuwa karibu." Meya alijipangusa paji la uso. "Nikiifuta kesi watauliza kwa nini."

"Watauliza."

"Watanicheka."

"Wanakucheka tayari, mheshimiwa. La kuamua ni kama watacheka mama akiwa ndani au akiwa nje. Akiwa ndani, kesho nitasoma maelezo haya mahakamani, na safari hii nitayasoma sawasawa, neno kwa neno."

Meya aliutazama msumari ukutani. Kisha akasimama, akachukua koti.

Walikwenda kwa miguu, kwa kuwa kituo kilikuwa mtaa wa pili na Meya hakutaka dereva ajue. Kwenye kona ya wauza viatu jamaa mmoja alinyanyua mikono yote miwili. "Kipa! Jumapili usituangushe!"

Koplo aliuma midomo. Meya alisita, akamtazama Inspekta, akaona hakuna msaada.

"Sitawaangusha," alijibu, na mtaa mzima ukampigia makofi.

*

Kaunta ya kituo ilikuwa na foleni, ikajitenga yenyewe Meya alipoingia. Aliandika kwa mkono wake kwamba anaondoa malalamiko, kwamba kosa lilikuwa lake, na kwamba studio ifunguliwe leo hii. Aliandika kwa mwandiko mzuri wa ubaoni. Kisha mama mpigapicha akatolewa, akavaa viatu vyake mlangoni bila haraka, akapewa kamera yake, akaikagua pande zote kama mtoto aliyetoka kuanguka.

"Mama, naomba radhi," alisema Meya. "Nimekukosea, na nilijua nakukosea. Nisamehe."

"Nimekusikia, mwanangu. Nenda kasimame pale."

"Wapi?"

"Pale ukutani. Picha yako bado mnaidai, au mtatundika msumari?"

Ukuta wenyewe ulikuwa umechorwa mistari ya urefu, na Koplo akaona ni wajibu wake kuingilia. "Mama, pale ni pa kupigia picha watuhumiwa."

"Ndipo penye mwanga," alisema mama, na habari ikaishia hapo.

Meya wa mji akasimama ukutani. Inspekta alimshikia koti. Watu wa kwenye foleni, waliokuja kwa kesi za kuku na kuibiwa simu, walinyamaza kwa adabu. Mama aliinua kamera, akaishusha, akamwambia aache kuvuta tumbo, akainua tena, akabonyeza. Kisha akamwita aje aone kwenye kioo kidogo nyuma ya kamera.

Meya alitazama. Alitazama kwa muda mrefu, na uso wake ukabadilika kabisa, hasira na aibu zote zikamtoka, akabaki mtu aliyeshikwa na uchungu mbele ya watu na asiyejali.

"Huyu ni marehemu baba," alisema.

"Umefanana naye hasa," alisema mama, kwa upole. "Naye nilimpiga picha akiwa na umri wako huo huo. Mimi nilikuwa binti, ndiyo kwanza naanza kazi. Nikampa picha yake. Akaitazama hivyo hivyo kama wewe, akaniambia, binti, umekosea, hii ni ya baba yangu."

Koplo alitoa leso. Hata Inspekta alikuwa na shughuli na miwani.

"Akaichukua?" aliuliza Meya.

"Aichukue wapi! Aliiacha palepale mezani. Siku ile walikuja na mdogo wake, naye nikampiga. Akachagua ya mdogo wake, akasema, ndiyo hii, hapa nimetoka vizuri. Mimi binti mdogo, mtu mzima ameshasema, nimbishie? Nikamfungia."

Meya aliinua kichwa polepole.

"Ile kubwa? Yenye fremu ya mbao? Iliyokuwa sebuleni mwetu, mama yetu alikuwa akituamrisha tuipe heshima kila tukienda shule?"

"Hiyo hiyo."

"Ni baba mdogo?"

"Baba mdogo wako, mwanangu."

Meya alirudi akaegemea ukuta wa watuhumiwa, akashuka taratibu, akakaa sakafuni na suti yake.

"Ndiyo maana," alisema, "kila akija kututembelea alikuwa anakaa kiti kile cha mbele yake, anaitazama, anacheka peke yake."